Paa linavuja na hujui wapi? Achana na silikoni kwanza

Mi naishi Kigamboni, Dar, nyumba ya bati la migongo midogo geji 30 (geji ni kipimo cha unene wa bati), na kwa masika mawili mfululizo nilikuwa natega ndoo sebuleni sehemu ileile, karibu na mlango wa korido. Mvua ikikatika napanda juu na tyubu ya silikoni, napaka kila ninachokihisi, nashuka najisifu, mvua ijayo ndoo inarudi palepale. Nilikuja kugundua maji yalikuwa yanaingilia karibu mita nne kutoka pale yanapodondokea, juu huko jirani na kofia (lile bati linalofunika kilele cha paa), kwenye tundu la skrubu aliloliacha fundi wa dishi siku alipohamisha dishi upande wa pili. Yakishaingia yanatambaa pembeni ya papi (mbao za kulalia bati) mpaka yanakutana na mguu wa kenchi (fremu ya mbao inayobeba paa), yanashuka nao taratiibu, yakifika kwenye msumari mmoja uliochomoza ndo yanaachia, tone linaangukia mgongoni kwa jipsamu (bodi za dari), jipsamu inayanywa kama sponji na doa linajitokeza kwenye kiungo cha bodi mbali na kila kitu. Sehemu yote niliyokuwa napaka silikoni ilikuwa nzima haina shida hata kidogo.

Kwa hiyo ukiona doa usikimbilie kuziba juu ya doa. Maji hayapandi mlima yenyewe, chanzo kiko juu ya doa kuelekea kwenye kofia, swali ni umbali gani na upande gani. Hapa chini napitia dalili moja moja jinsi mi ninavyozitafuta saivi, kwangu na kwa majirani wanaoniita (nimekuwa kama daktari wa bati mtaani, malipo yenyewe soda).

Kwanza hakikisha ni mvua kweli

Usicheke, hii imeshapotezea watu hela nyingi. Jiulize doa linakua lini. Kama linaongezeka hata wiki ambayo jua linawaka tu basi sahau bati, angalia bomba la kutolea maji la eyakondishena lililopita darini, angalia bomba linalotoka tanki la juu, viungo vyake huwa vinatoka jasho au vinavuja kidogo kidogo usiku presha ya maji ikipanda. Doa la njano lenye harufu kali ambalo haliwi na ule mduara wa kahawia pembeni, mara nyingi huyo ni popo au panya anajisaidia hapo juu. Ukipanda utakuta kinyesi kimejaa na utaelewa.

Alafu kuna ndugu zetu wa nyanda za juu, Njombe, Makete, Mbeya, Lushoto huko. Wao bati linaweza kudondosha maji alfajiri na mvua haijanyesha siku tatu. Hilo ni jasho: usiku bati linapoa sana, hewa yenye unyevu wa ndani (kupika, kuoga, watu kulala) inapanda inakutana na bati la baridi inageuka maji. Utaligundua kwa sababu upande wa chini wa bati unalowa karibu wote, matone madogo madogo kila mahali, sio sehemu moja. Dawa yake hewa ipite darini, matundu kwenye silingi ya nje chini ya fishabodi (ubao unaofunga ukingo wa paa) na kwenye vibao vya pembe tatu za mwisho wa paa, na kama jiko la kuni liko ndani ya nyumba litafutiwe njia ya moshi kutoka nje. Ukipaka lami juu ya bati kwa ajili ya jasho umepaka bure.

Ingia darini mchana wa jua

Kabla ya ngazi ya nje, ingia darini. Saa sita au saa saba jua likiwa kichwani ndo wakati mzuri wa kuona, ingawa joto lake huko ndani ni la kuokea mkate, kwa hiyo usikae muda mrefu na nenda na maji ya kunywa. Kanyaga mbao za kenchi tu, mguu ukishuka kwenye jipsamu unatokea sebuleni na ndo utakuwa na matatizo mawili. Angalia nyaya za umeme zilizolala hovyo, zima meni swichi kama huna uhakika nazo, na chungulia kama kuna dondora kabla hujaingiza kichwa.

Ukishatulia, zima tochi. Subiri dakika mbili tatu macho yazoee giza. Matundu yatajitokeza yenyewe kama nyota, vidoa vidogo vya mwanga. Sasa hapa ndo kuna ujanja ambao fundi mmoja mzee alinionyesha: chukua waya mwembamba wa kufungia nondo, upenyeze kwenye kila tundu unaloliona utokeze juu kama sentimita kumi, ukunje kidogo usianguke. Ukija kupanda juu ya paa huhitaji kuhesabu bati wala kukadiria, unaona nywele za waya zimesimama, kila unywele ni tundu. Mi nilikuta nywele sita. Kwa miaka miwili nilikuwa nazipita hapohapo na silikoni mkononi.

Ila sio kila mwanga ni tatizo, mwanga unaoonekana chini ya kofia na kule kwenye ncha za bati ukingoni ni kawaida, migongo ya bati lazima iache uwazi. Na kinyume chake, kuna sehemu inavuja na haina mwanga kabisa, hasa kwenye maungio ya bati na bati. Hapo unafuata alama: washa tochi uilaze pembeni ya mbao, mwanga ukija kwa ubavu utaona michirizi, mbao iliyopitiwa na maji ina mstari mweusi au wa kahawia, msumari umezungukwa na duara la kutu kwenye mbao, wakati mwingine kuna vumbi limekusanyika kama mto uliokauka. Fuata huo mto kwenda juu mpaka unapoanzia.

Usipopata kwa macho, mpira wa maji

Mnahitaji watu wawili, mmoja juu na mpira wa kumwagilia, mmoja darini na tochi, na simu. Wa juu anaanza CHINI ya paa, hili ndo kosa la wengi, wanaanza kwenye kofia, maji yanashuka paa zima likalowa na hujui limeingilia wapi. Anza chini, mwagia eneo moja kama dakika kumi, wa darini akinyamaza unapanda hatua moja, tena dakika kumi. Inachosha ndio. Ila akipiga kelele "hapo hapo!" umeshapata, na umepata kwa uhakika. Mwagia kama mvua inavyonyesha, usielekeze mpira kwenda juu chini ya maungio, ukifanya hivyo hata paa jipya la jana litavuja.

Na kupanda: subiri umande ukauke, saa tatu au saa nne asubuhi, kabla bati halijawa kikaango. Viatu vya raba. Kanyaga kwenye mstari wa misumari maana hapo chini kuna papi, ukikanyaga katikati unabonyeza bati na unatengeneza bwawa la kesho. Waya wa umeme unaoingia nyumbani kutoka nguzoni kaa nao mbali kabisa, bati ni chuma na wewe umelishika. Mtu wa kushika ngazi awepo, sio mtoto.

Dalili: linavuja mvua ikija na upepo tu

Mvua ya kawaida hamna kitu, ila ikija ile ya kubebwa na upepo unaona maji. Hapa mara nyingi hakuna tundu, kuna maji yanayosukumwa kupanda. Angalia kofia kwanza. Kofia inatakiwa ilale vizuri pande zote mbili na ishuke vya kutosha juu ya bati, mafundi wa haraka wanaweka kofia nyembamba au wanaacha mdomo wake uko juu juu, upepo unaingiza maji chini yake kama mtu anapuliza chai.

Alafu angalia maungio ya ubavu, yaani jinsi bati moja lilivyopandiana na la pili. Mdomo wa bati la juu unatakiwa uangalie kule upepo unakoelekea, sio kule unakotoka. Huku pwani kusi (upepo wa kutoka kusini) ndo inatembea nayo masika, kwa hiyo fundi aliyeanza kuezeka upande usio sahihi amekuachia kila ungio limefungua mdomo kuupokea upepo. Huwezi kuezua nyumba nzima kwa hilo, ila unaweza kuongeza skrubu kwenye ungio lenyewe kulibana, na kuweka tepu ya lami ndani ya ungio kwa zile bati mbili tatu zinazosumbua.

Ungio la juu na chini nalo lipime. Bati la juu linatakiwa lilifunike la chini angalau inchi 6, na paa likiwa na mteremko mdogo ongeza zaidi ya hapo. Nimekuta nyumba fulani bati limepandiana inchi 2 na nusu, mwenye nyumba anasema fundi alimwokolea bati mbili. Alimwokolea kweli.

Dalili: mvua ikianza hamna, ikikaa nusu saa ndo linaanza

Hii ni gata (mfereji wa kukinga maji ukingoni mwa paa) au bonde. Piga hesabu kidogo: milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa la mita za mraba 120 likipata milimita 50, na mvua za Aprili huku zinaweza kutoa hizo kwa siku moja, ni lita 6,000 zinazotafuta njia ya kushuka, kama tanki kubwa limepinduliwa juu ya nyumba yako. Gata ikiwa na majani ya mwembe, tope na mpira wa watoto uliopotea mwaka jana, maji yanajaa, yanarudi nyuma juu ya fishabodi, yanaingia darini kwa ukingo. Kwa hiyo doa liko karibu na ukuta wa nje, mistari imeshuka ukutani kwenye rangi. Safisha, alafu mwaga ndoo moja ya maji mwisho wa gata uone kama inakwenda au inalala. Gata inatakiwa iteremke kama sentimita moja kila mita mbili hivi kuelekea kwenye bomba la kushukia, vikilegea vile vyuma vinavyoishikilia inatengeneza tumbo katikati. Fishabodi likibonyea kidole ukilisukuma limeshaoza, usigongelee gata juu yake.

Bonde ndo lile pale mapaa mawili yanapokutana na kufanya kona ya ndani, bati la bonde linapokea maji ya pande zote mbili. Nyumba zenye kona kona nyingi, zile za ramani za kupendeza, kila kona ni bonde na kila bonde ni mahali pa kuvuja, mi nikijenga tena ni paa la pande mbili basi. Kwenye bonde tafuta vitu vitatu: majani yaliyoganda yakazuia maji mpaka yakapanda pembeni, misumari iliyopigwa katikati ya njia ya maji (sijui kwanini wanafanya hivi), na bati la bonde lililokatwa jembamba kiasi kwamba maji mengi yakija yanaruka kingo zake.

Dalili: hata manyunyu linadondosha

Ikiwa mvua ndogo tu inatosha, kuna tundu la wazi, na tisa kwa kumi kwa uzoefu wangu mimi ni msumari. Bati linatanuka na kusinyaa kila siku. Bati la mita 6 likipata joto la juani tofauti ya nyuzi 40 na la usiku linarefuka karibu milimita 3, ni chuma hicho, na kila siku kinavuta msumari huku na huku, miaka saba nane msumari umetoka kidogo, mpira wa chini ya mwavuli wake umekauka umepasuka, tundu limekuwa refu kama tundu la kifungo. Ndo maana ukipanda unaona vichwa vya misumari vimesimama.

Kosa la pili la kila mtu: anachukua nyundo anagonga msumari uleule urudi kwenye tundu lilelile. Utashika mwezi. Ng'oa, weka skrubu ya bati yenye kipira, nene na ndefu kidogo kuliko msumari uliotoka ili ikute mbao ngumu mpya, ibane mpaka kipira kitulie na uache hapo, ukikaza sana kipira kinachomoka pembeni na umerudi mwanzo. Na iwe juu ya mgongo wa bati. Msumari uliopigwa bondeni mwa bati la migongo midogo, yaani pale chini kati ya mgongo na mgongo, unaogelea kila mvua, ukiukuta huo ndo mtuhumiwa wa kwanza.

Usisahau vitu vilivyotoboa paa kwa makusudi: bomba la hewa la choo, fremu ya sola, dishi, antena ya zamani isiyo na kazi. Simenti iliyokandikwa kuzunguka bomba haiwezi kushikamana na bati milele, bati linatembea simenti haitembei, unatokea ufa mwembamba kama unywele na huo unatosha. Na simenti mbichi yenyewe inakula ile ngozi ya zinki na alumini ya bati. Tafuta kola ya mpira, au kata kipande cha bati ukitengenezee kola kiingizwe CHINI ya bati la juu yake, sio kugandishwa tu juu.

Dalili: ukuta umelowa, dari kavu

Angalia pale bati linapogusa ukuta, kama baraza iliyoongezwa baadae au jiko la nje. Bati dogo la kuziba pale linatakiwa lichimbiwe ndani ya ukuta alafu lipu ije juu yake. Likiwekwa nje ya lipu na silikoni juu, silikoni ikibanduka maji yanashuka ukutani kama hayana mwenyewe.

Paa la kuficha

Hizi nyumba za kisasa zenye ukuta umezunguka paa lisionekane, nzuri kwenye picha, ila nimeziona nyingi zinalia. Bati liko karibu kulala, mteremko mdogo sana, maji yanatembea pole pole na yakikuta ungio lenye vumbi yanafyonzwa ndani kabla hayajafika kwenye gata. Na gata yenyewe iko ndani ya kuta, ikijaa haimwagikii nje kama gata ya kawaida, inamwagikia kwako chumbani.

Ukaguzi wa hili paa uanze na matundu ya kutolea maji. Ingiza mkono kabisa utoe majani, mara nyingi utakuta bomba lina kiota au kipande cha lipu tangu siku ya ujenzi. Je ukutani kuna tundu la akiba, lililo juu kidogo ya la kawaida, ili la kwanza likiziba maji yatokee nje uyaone? Kama hamna, hiyo ndo kazi ya kwanza ya kumpa fundi, ni tundu moja tu la bomba na linaokoa silingi nzima. Alafu angalia kichwa cha ule ukuta wa kuficha, kama juu yake pana nyufa za lipu maji yanaingia ndani ya tofali na kutokea chini ya dirisha, watu wanatafuta tatizo dirishani miezi. Gata ya zege iliyopakwa wotaprufu nayo ina maisha yake, ikianza kubanduka maganda yakwangue ipakwe upya, kupaka juu ya maganda ni kupaka juu ya hewa.

Kutu, ipi ya kuogopa

Unga mweupe juu ya bati ni zinki yenyewe inaliwa, mara nyingi bati lilihifadhiwa likiwa limelowa kabla ya kuezekwa. Sio dharura, safisha na fuatilia. Wekundu ndo chuma chenyewe kimeanza. Chukua bisibisi usukume taratibu pale penye wekundu: kama imara, sugua kwa brashi ya waya, paka praima ya kuzuia kutu alafu rangi, umenunua miaka. Kama bisibisi inazama au bati linabonyea kama karatasi ya biskuti, usihangaike na rangi, badilisha bati hilo.

Wa pwani angalieni CHINI ya bati, kwenye ncha zinazotokeza nje ya ukuta. Upande wa juu mvua inaosha chumvi ya bahari, chini haioshwi na kitu, inakaa miaka inatafuna. Kwangu bati la mbele lilikuwa linang'aa juu na chini limekuwa kama ganda la mti. Sehemu nyingine ni pale bati lilipokatwa na grenda, cheche zinachoma rangi na vipande vya chuma vinaganda juu ya bati vinaota kutu kama surua. Na geji muhimu kujua, namba ikiwa kubwa bati ni jembamba, geji 32 ni nyepesi kuliko 30 na 30 kuliko 28. Muuzaji akikuambia 32 "ni kubwa zaidi" tabasamu tu uondoke.

Kelele

Pa! pa! saa nne asubuhi na tena jioni jua likishuka, au mvua ikilipiga bati la moto ghafla, ni kule kutanuka na kusinyaa, lala usingizi. Ila likipiga makofi upepo ukija, papapapa mfululizo, kuna bati limelegea, na bati lililolegea ukingoni ndo linaloanza kubebwa siku ya upepo mkali, likitoka moja upepo umeingia chini ya mengine. Hilo usiliweke kesho. Mara nyingine sababu ni papi zimeachana mno, nimeona zaidi ya mita moja kwa bati la geji 32, linacheza katikati kama ngoma.

Paa limebonyea

Hapa niwe serious kidogo. Toka nje, rudi nyuma mbali mpaka uione kofia yote, funga jicho moja uitazame kama unanyoosha uzi. Ikiwa imezama katikati au ina wimbi USIPANDE. Uzito wako unaweza kuwa ule wa mwisho. Ingia darini kwa tahadhari, na bisibisi: chokoa mbao pale zinapokaa juu ya ukuta na kwenye maungio. Bisibisi ikiingia kama kwenye keki, imeoza au imeliwa.

Nani ameila? Mchwa wanaacha njia za udongo zinazopanda ukutani, na mbao ukiigonga inalia tupu. Wale vidudu wengine wanaacha vitundu vidogo vya duara na unga laini chini yake, ukiona vumbi la unga kila asubuhi juu ya kabati lisilo na sababu, inua macho. Unga mpya mweupe maana yake wako kazini hadi leo, vitundu vya zamani visivyo na unga huenda walishaondoka. Mbao iliyopunguzwa nguvu haitibiwi na dawa ikarudi kuwa nzima, dawa inaua mdudu tu, mbao unaifungia mwenzake pembeni au unaitoa, na hiyo ni kazi ya fundi kenchi anayejua, sio ya yeyote mwenye nyundo. Safari hii nunua mbao za dawa zenye rangi ya ukijani, na hakikisha dawa imeingia ndani sio imepakwa ngozi tu, omba wakate ncha uone.

Kama paa ni la asbesto

Nyumba za zamani na majengo mengi ya taasisi bado yana yale ya kijivu mazito. Usitoboe, usisugue, usikate na grenda, usioshe kwa presha na usilitembelee, linavunjika bila taarifa na vumbi lake likiingia kwenye mapafu linaleta saratani miaka mingi baadae. Hilo halina njia ya kienyeji, tafuta watu wenye vifaa na utaratibu wa kuliondoa.

Kuhusu hiyo silikoni sasa

Sijasema haina kazi. Ila ile inayonuka kama siki wakati inakauka ina tindikali inayokula bati la zinki, kwa hiyo unaziba leo na kutengeneza kutu ya mwaka kesho. Nunua isiyonuka hivyo, muuzaji anayejua kazi yake atakuelewa. Bati liwe kavu na limesuguliwa, vumbi la Dar ukipaka juu yake umepaka vumbi. Tundu dogo la msumari wa zamani, tepu ya lami iliyo na foili juu inakaa vizuri kuliko silikoni. Tundu kubwa, kipande cha bati kinachoingia chini ya bati la juu, maana kiraka kilichogandishwa juu juu kinategemea gundi peke yake na gundi inachoka.

Kagua mara mbili kwa mwaka, Februari kabla ya masika na Septemba kabla ya vuli, na baada ya upepo mkubwa au nazi kuanguka. Fundi akishamaliza usimlipe akiwa bado juu ya ngazi, mwambie ashuke muingie darini wote wawili, mtu amwage maji juu palepale kwa dakika kumi. Fundi mzuri hachukii. Anayechukia umeshajua.

Mi nilitoa zile skrubu zote za dishi, matundu yote sita nikayafunga, na mvua ya kwanza ya vuli nilikaa sebuleni na ndoo pembeni kama mtu anayesubiri matokeo. Ndoo ilibaki kavu. Wiki iliyofuata mke wangu akaniita chumba cha watoto, doa jipya darini, nikapanda ngazi moyo unadunda, nikasogeza pua karibu. Popo.